Waliozaliwa Mwezi wa Kumi na Tatu

Ilitangazwa rasmi, kwa Tangazo namba kumi na tisa, lililogongwa mihuri mitatu na kubandikwa kwenye kila mlango wa ofisi unaofunguka, kwamba kuanzia siku ya kwanza ya mwezi wa Tikimt kila mkazi wa mji wa Kei Wenz na vitongoji vyake, mkubwa kwa mdogo, bila kujali dini yake, kabila lake wala umbali wake kutoka barabara ya lami, atakuwa ndani ya Mfumo. Kwamba Mfumo ni mmoja, hauchagui wala hausahau. Na kwamba madaftari ya zamani ya matibabu, ambayo yamekuwa chanzo cha makosa ya kibinadamu, hayatatambuliwa tena na zahanati yoyote. Herufi kubwa ya Mfumo ni ya Tangazo lenyewe. Mungu naye alipewa herufi kubwa, lakini alitajwa mara moja tu, mwishoni, pale alipoombwa aubariki.

Makosa ya kibinadamu yaliyotajwa hapo yalikuwa na jina. Yaliitwa Asnakech Tegegn, mwanamke wa miaka hamsini na mmoja, mwandishi wa madaftari hayo kwa miaka ishirini na sita. Baba yake alikuwa mwimbaji wa kanisa, mtu wa kukokotoa sikukuu kwa vidole bila karatasi. Mumewe alikuwa dereva wa lori. Aliaga kwamba anakwenda Jibuti mwaka wa tisini na mbili, na mpaka leo bado anakwenda. Asnakech hakuwahi kuchelewa kazini, hakuwahi kupandishwa cheo, na alikuwa na mwandiko ambao wakubwa watatu waliomtangulia huyu wa sasa waliusifu kwenye hotuba za kumuaga mtu mwingine.

Mkuu wa sasa, Ato Demissew, yaani Bwana Demissew, alimpa kompyuta na miezi kumi na moja. Katika miezi hiyo Asnakech aliyahamisha madaftari yote kwenye faili moja refu la maandishi: kila mkazi mstari wake, na kati ya jina na jinsia, jinsia na tarehe ya kuzaliwa, tarehe na anwani, mkato mmoja wa kutenganisha. Ndivyo barua kutoka juu ilivyoagiza. Mistari ilikuwa 41,915. Aliihesabu mara mbili, kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa na nia ya kuihesabu hata mara moja.

Kisha akaletwa Injinia Naod kutoka Addis Ababa, kijana wa suti ya kubana na simu mbili, aje kulimimina faili lile ndani ya Mfumo. Ilisemekana kazi hiyo ni ya nusu saa. Injinia akapangiwa hoteli wiki tatu.

Mara ya kwanza alipobonyeza, majina yote ya Kei Wenz yaligeuka visanduku vitupu.

"Hawa ni akina nani?" akauliza Asnakech, miwani mikononi.

"Ni watu wako, mama."

"Watu wangu wana majina. Hawa ni vigae vya sakafu."

Injinia akaeleza kwamba faili lina kasoro. Asnakech akasogea, akatazama kioo, akaona mahali palipoandikwa aina ya herufi, na aina iliyochaguliwa ilikuwa ya Kizungu. Akamwonyesha kwa ncha ya kalamu. Injinia akasema hilo alikuwa analijua, alikuwa anajaribu tu.

Mara ya pili majina yakatoka yakiwa mazima, ila mambo mengine yakahama makazi. Mstari wa mia mbili na kumi na mbili ulikuwa na mtu ambaye mji wake ulikuwa "karibu na kinu" na namba yake ya simu "kwa yule mwenye mbwa".

"Nani alikwambia uweke mkato ndani ya anwani?" Injinia akafoka. "Mashine ikiona mkato inajua safu imekwisha, inaanza nyingine! Umeandika 'nyuma ya kanisa, karibu na kinu, kwa yule mwenye mbwa'. Hiyo ni safu tatu!"

"Na nani alikwambia nyumba za hapa zina namba?" akajibu Asnakech. "Mimi nimeandika mtu anapokaa. Ukitaka kumpata, utafika. Ukifuata namba, utafika Sudani."

Gashe Birru, mlinzi wa lango aliyeitwa Gashe kwa heshima ya uzee wake, aliyekuwa amesimama mlangoni na gabi yake begani, shuka zito la pamba, akacheka mpaka akakohoa. "Na mbwa mwenyewe alishakufa, Asnu. Waambie waandike 'aliyekuwa na mbwa'."

Ilichukua siku nne Injinia kukubali kwamba kitenganishi si lazima kiwe mkato, kwamba yaweza kuwa alama yoyote ambayo watu hawaitumii wanapoeleza njia. Asnakech akapendekeza mstari wima. Barua ikaandikwa juu kuomba kibali cha mstari wima. Kibali kikaja, nacho kilikuwa na mikato saba.

Gashe Birru alikuwa na sababu yake ya kusimama mlangoni kila siku. Alikuwa na miaka sitini na tisa, na kisukari cha miaka kumi na minne. Dawa yake ya sindano aliitunza ndani ya jokofu dogo la ofisi, lililonunuliwa kwa ajili ya maji ya wageni, na Asnakech alipofungua jokofu kila asubuhi aliiona ile chupa ndogo ikisinyaa kama mwezi unaokonda. Zahanati ilikwisha kumwambia: kuanzia Tikimt mosi, bila kadi ya Mfumo, hakuna chupa nyingine. Daftari lake la zamani, lenye mwandiko mzuri kuliko yote katika wilaya, lingefaa kufungia karanga.

"Kadi yako itatoka, Gashe," Asnakech alimwambia. "Wewe nilikuandika kwa mkono wangu."

"Sina wasiwasi na mkono wako," mzee akajibu. "Nina wasiwasi na yule mwenye simu mbili."

Siku ya ishirini na saba ya Meskerem, mwezi unaotangulia Tikimt, Injinia alibonyeza kwa mara ya tisa, akatazama kioo, akainuka, akafunga vifungo vya koti. Asilimia mia moja, alisema. Ato Demissew akampa mkono. Picha ikapigwa, kompyuta ikawekwa katikati kama bibi harusi. Sherehe ikapangwa Tikimt kumi na mbili, na mgeni rasmi akatafutwa.

Kadi zikaanza kuchapwa. Ya Asnakech ikatoka. Ya Ato Demissew ikatoka. Ya yule aliyekuwa na mbwa ikatoka. Ya Gashe Birru haikutoka.

Asnakech alimfuata Injinia hotelini, akamkuta anakula kitfo, nyama mbichi ya kusaga, saa nne asubuhi.

"Injinia, waliingia wangapi?"

"Wote, mama. Asilimia mia."

"Asilimia ni ya kuandikwa kwenye chupa ya pombe. Mimi nauliza watu."

Injinia akatazama simu ya kwanza, kisha ya pili. "Arobaini na moja elfu, mia moja na arobaini na sita."

"Mimi nilikupa arobaini na moja elfu, mia tisa na kumi na tano. Mia saba na sitini na tisa wako wapi?"

"Wale walikuwa na kasoro." Akafuta mdomo. "Mashine iliwakataa. Kuna mahali pa kuweka alama, 'ruka mistari yenye kasoro.' Nikaweka. Katika walioingia, wote wameingia. Hiyo ndiyo asilimia mia."

Funika kombe mwanaharamu apite: methali ni ya zamani, ila haikuwahi kupewa kisanduku chake cha kuwekea alama.  Asnakech aliuliza tu kama mashine ilipowakataa watu hao iliwaandika popote. Injinia akasema ipo orodha, hujitengeneza yenyewe, hakuna anayeisoma.

Aliisoma yeye. Aliichapa, akaibeba mpaka nyumbani, na Jumamosi mchana alipokuwa akikaanga buni kwa ajili ya majirani aliitandaza juu ya majani mabichi yanayomwagwa sakafuni wakati wa kahawa, akaanza kuita majina kama mwalimu. Jirani wa kwanza kufika alikuwa mkunga mstaafu, aliyewazalisha nusu ya watu wale. Akachungulia.

"Ere! Hawa wote mbona ni watoto wa mvua?"

Asnakech akashusha sufuria ya buni.

Ilikuwa kweli. Gashe Birru: mbili, kumi na tatu, elfu moja mia tisa arobaini na nane. Fundi cherehani wa sokoni: tatu, kumi na tatu. Mapacha wa mwalimu wa hesabu: tano, kumi na tatu. Watu mia tano sabini na mmoja, wote wamezaliwa Pagume, mwezi wetu wa kumi na tatu, mwezi wa siku tano, na sita kila mwaka wa nne, ambao hata wenye nyumba huona haya kuudaia kodi. Siku ya tatu ya mwezi huo, ya malaika Rufaeli, watu hutoka nje mvua ikinyesha ili wabarikiwe. Aliyezaliwa siku hizo haisahau tarehe yake hata akisahau jina la mkewe. Na mashine, iliyonunuliwa kwa watu wenye miezi kumi na miwili, ilikuwa imefika kwenye kumi na tatu ikagoma kama punda darajani.

Waliobaki, mia moja tisini na wanane, ndio waliomchelewesha mpaka buna ya tatu, kikombe cha mwisho cha kahawa. Hao walizaliwa Tikimt, mwezi wa pili, siku za mwisho: ishirini na tisa, thelathini. Kwetu kila mwezi una siku thelathini, hauna ubaguzi. Kwa hao wenye mashine, mwezi wa pili ni kilema.

"Lakini basi," Asnakech akasema polepole, na mkunga akaona uso wake ukibadilika, "kama hawa wamekataliwa kwa sababu tarehe ni zetu, wale wengine waliingiaje?"

Jumatatu asubuhi aliingia ofisini kwa Ato Demissew bila kubisha, jambo lililokuwa halijatokea tangu aajiriwe. Injinia alikuwepo, anachagua rangi ya utepe wa kukatwa.

"Bwana mkuu, mashine imewakataa watu mia saba na sitini na tisa kwa sababu ya kalenda."

"Hakuna mwezi wa kumi na tatu duniani, mama," akasema Injinia, bila kuinua macho kwenye utepe.

"Duniani? Sisi tuko wapi?"

"Namaanisha kwenye kompyuta."

"Mama yako alikuzaa kwenye kompyuta?"

Ato Demissew akakohoa, kikohozi chake cha vikao. "Bi Asnakech, tulia. Waitwe hao watu, wajaze fomu ya kubadilisha siku ya kuzaliwa. Kila mtu achague tarehe inayofaa. Birru achague Krismasi, ni sikukuu nzuri."

"Fomu ipo?"

"Itatengenezwa. Awamu ya pili."

"Awamu ya pili lini?"

Ato Demissew na Injinia wakatazamana kama watu wawili walioulizwa mwisho wa dunia. Asnakech akavuta kiti, akaketi bila kuambiwa.

"Basi sikilizeni, maana hao waliokataliwa ndio wenye nafuu. Waliokubaliwa mmewazeesha. Mwaka wetu uko nyuma ya mwaka wa wale wenye mashine miaka saba, na katika miezi mingine miaka minane. Nyinyi mmechukua mwaka wetu mkaubandika kwenye kalenda yao kama ulivyo. Mashine ikahesabu, ikaona kila mtu amezaliwa zamani zaidi. Mtoto wa darasa la tano mmempa miaka kumi na tisa. Angalieni kadi zenu."

Injinia hakuhitaji kuangalia. Ilionekana wazi kwamba alilijua hilo tangu mara ya tatu ya kubonyeza, na kwamba alikuwa ameliweka pale anapoweka mambo yote, yaani awamu ya pili.

"Umri ni umri," alisema. "Na huku kwenu ukubwa ni heshima. Nani atalalamika?"

"Bwana mkuu atalalamika," akasema Asnakech. "Ana miaka hamsini na minne. Kadi yake inasema sitini na miwili. Sheria inasema sitini mtu anastaafu. Kwa mujibu wa Mfumo, tunazungumza na mtu aliyekwenda nyumbani mwaka juzi."

Ato Demissew alichomoa kadi mfukoni, akaisoma, akaigeuza nyuma akaisoma tena, ingawa nyuma palikuwa na picha ya simba tu.

"Ya kwangu irekebishwe," alisema kwa sauti ya chini. "Leo. Kimya kimya."

"Na wengine elfu arobaini?"

"Bi Asnakech, tumeshatangaza asilimia mia. Tukisema leo kwamba ni makosa, tutaonekana tulikosea."

Hoja hiyo haikuwa na mlango wa kuingilia, naye hakuutafuta. Alitoka, akafungua jokofu. Chupa ya Gashe Birru ilikuwa na dawa ya siku tano, sita kwa mtu mwenye moyo mgumu. Mzee alikuwa amekaa kwenye ngazi anatazama utepe ukijaribiwa langoni.

"Wanasema uchague siku nyingine ya kuzaliwa," Asnakech akamwambia.

"Waambie yoyote. Hata jana. Sindano haiulizi."

"Mimi nauliza."

"Asnu, mwanangu," mzee akasema, "nilizaliwa kwenye mvua, nikakulia kwenye vumbi, sasa nakufa kwenye orodha. Usigombane na watu kwa ajili ya siku ya pili ya Pagume."

"Sigombani. Naandika."

Faili la waliokataliwa, kwa mujibu wa ofisi, halikuwepo. Na kwa kuwa halikuwepo, hakuna aliyeweza kumkataza kulifanyia kazi. Aliketi nalo siku mbili. Hakugusa kikokotoo cha kompyuta wala mtandao. Alihesabu kama baba yake alivyohesabu sikukuu, kidole kwa kidole: Pagume mbili ya arobaini na nane ni Septemba saba, hamsini na sita, kwa kalenda ya wenye mashine. Palipokuwa na mwaka mrefu alisogeza siku. Kila mstari alioumaliza aliukagua kuanzia mwisho kurudi mwanzo. Mia saba na sitini na tisa, mstari wima kati ya kila safu, hakuna aliyeachwa na nafasi tupu.

Kisha akampelekea Ato Demissew karatasi moja yenye hesabu moja. Alikuwa ameelewa, baada ya miaka ishirini na sita, kwamba mlango wa ofisi ile haufunguliwi kwa sababu. Hufunguliwa kwa asilimia.

"Bwana mkuu, hawa tukiwaongeza juu ya wale mliokwisha kuwatangaza, tutafika asilimia mia moja na moja, nukta tisa."

Ato Demissew akaitazama ile namba. "Kuna wilaya nyingine iliyofika hapo?"

"Haiwezekani kufika hapo, bwana mkuu."

"Basi tutakuwa wa kwanza." Akainuka. "Naod! Tumevuka lengo!"

Injinia alibonyeza mara moja. Mashine iliwameza wote, haikutema hata mmoja. Alitazama kioo, kisha akamwuliza Asnakech, kwa adabu ambayo haikuwa yake, amesomea wapi mambo hayo.

"Kanisani," akajibu.

Aliomba hapohapo aruhusiwe kurekebisha na wale wengine elfu arobaini; angehitaji mwaka mmoja na taa nzuri. Ato Demissew alifikiri, na kwa haki yake tuseme kwamba alifikiri kweli, akauliza kama kurekebisha kutaongeza asilimia. Akaambiwa hakutaongeza; watu watabaki walewale. Basi, akasema, hakuna haraka.

Sherehe ilifanyika Tikimt kumi na mbili. Utepe ulikuwa wa kijani. Mgeni rasmi alisema kwamba Kei Wenz imeandikisha wakazi wengi kuliko ilio nao, na kwamba huo ndio moyo wa kujituma. Injinia Naod alipewa ngao ya shaba. Jina la Asnakech halikutajwa kwa wema wala kwa ubaya, jambo alilolipokea kama nyongeza ya cheo.

Gashe Birru hakuwepo kwenye sherehe. Kadi yake ilikuwa imetoka siku tatu kabla, chupa ikiwa na dawa ya mara moja. Alikwenda zahanati asubuhi mapema akiwa amevaa gabi safi, akifuatana na mdogo wake Shiferaw, ambaye mama yao alimzaa Hidar, mwezi wa tatu ambao mashine iliupokea bila swali, mwaka wa hamsini na mmoja, na ambaye Birru alimbeba mgongoni mpaka akajua kutembea. Foleni ilikuwa ndefu na kiti cha wazee kilikuwa kimoja. Muuguzi akazichukua kadi zao mbili, akazisoma. Birru, sitini na tisa. Shiferaw, sabini na minne. Akampa Shiferaw kiti.